Nyimbo za Kupanda, Nyimbo za Kushuka

Siku Mama Pindo alipotangaza kwamba atajifunza kuendesha gari, wifi yake alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, juu ya rundo la vitambaa vya wateja.

"Wewe?" akasema, akijifuta machozi. "Wewe unayefumba macho hata kwenye lifti?"

"Mimi."

"Kwenda wapi, wifi yangu? Soko liko hapo, wateja wanakuja wenyewe mlangoni. Gari la nini?"

"Nataka kuipiga video barabara."

"Barabara gani?"

"Yake," akasema Mama Pindo, na kidevu chake kikaelekea chumba cha nyuma. Kicheko cha wifi kikakatika hapohapo.

Sasa tuwekane sawa kuhusu huyu wa chumba cha nyuma, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa mume wa Mama Pindo, na mtaa mzima ulimwita Dereva, utadhani duniani hakuna dereva mwingine. Aliendesha basi tangu hana mvi hata moja, kutoka mjini kwao, kuvuka mlima, hadi mji wa bondeni, na kurudi. Hakujulikana kwa mwendo. Alijulikana kwa muziki. Madereva wengine huweka nyimbo kama mtu anayewamwagia kuku mahindi, zikaangukie zinakotaka. Yeye, thubutu! Kila kipande cha barabara kilikuwa na wimbo wake. Gitaa lilianza tairi zikikanyaga daraja la chuma, likaisha mashamba ya alizeti yanapoisha. Mlima ulipandwa kwa tarumbeta. Kileleni palikuwa kimya, abiria watazame tu. Halafu msitu wa misonobari wa upande wa pili ulishukwa kwa sauti ya mama mmoja anayeimba polepole bila ngoma. Wimbo ukitaka kuisha kabla ya mahali pake, Dereva aliongeza mafuta kidogo, ukichelewa, alipunguza. Kuna abiria waliokuwa wanaliacha basi la mapema ili wasafiri naye, na ukiwauliza sababu, wanakwambia eti viti vyake ni laini. Waongo wakubwa.

Kisha yakaja macho. Daktari aliita presha ya macho. Ilimla pembeni, kimyakimya, na alipokuja kugundua kilikuwa kimebaki kitundu cha katikati. Mbele aliona vizuri kabisa, gazeti anasoma. Kulia na kushoto hakuna kitu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Siku moja akirudisha basi gereji alilikwangua ubavu mzima kwenye nguzo iliyokuwa pale miaka nenda miaka rudi. Hakusubiri kuambiwa. Alishuka, akaenda ofisini, akaweka leseni mezani kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa hajawahi kumgonga hata bata, na hakutaka kuanza.

Hapo alifanya la kiungwana, nani atabisha. Lililofuata ndilo lililomkera Mama Pindo. Wenzake aliwaambia yuko likizo. Likizo gani hiyo, mwezi unatoka mwingine unaingia? Rafiki yake wa kazini wa siku nyingi, aliyeitwa Mrefu, alipopita na basi mbele ya nyumba alipiga honi ya salamu, na Dereva akiisikia alinyanyuka, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, kana kwamba honi ina macho. Mrefu alipokuja mwenyewe kumjulia hali, aliambiwa Dereva amelala. Gari la dada yake hakutaka hata kuligusa. "Mimi si gunia la kupakiwa," alisema. Basi kazi yake ikawa kukaa, na alikaa hadi kochi likashika umbo lake.

Mama Pindo alikuwa anamwona mume anamfia kwa aibu, tena anamfia akiwa ameketi. Alikwisha kubembeleza. Alikwisha kununa. Alikwisha kulia jikoni akisingizia vitunguu. Hakuna kilichofua dafu.

Ndipo mteja mmoja aliyekuja kupima gauni akaiacha simu yake mezani, video inacheza. Ilikuwa video ya barabara tu: gari linakwenda, kamera iko mbele kwenye kioo, hakuna anayesema, milima inapita na muziki unapita nayo. Dereva alikuwa amekuja kuchukua maji. Akasimama.

"Hiyo barabara ya wapi?"

"Ya kwao huko," akasema mteja, hawezi kugeuka kwa sababu ya pini.

Dereva akaichukua simu bila hata kuomba ruhusa, yeye mwenye adabu zake zote. Akaisogeza mbali hadi mkono ukanyooka. Akaileta karibu. Akairudisha mbali.

"Mama," akamwita mkewe, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Naona pande zote mbili."

Kumbe kwenye kile kioo kidogo cha simu barabara nzima, na miti yake, na kingo zake, iliingia yote katika kile kitundu. Mteja wa watu akasimama na pini zake mpaka video ikaisha, ikarudiwa, ikaisha tena. Mama Pindo hakuwa anatazama simu. Alikuwa anatazama mguu wa kulia wa mumewe, uliokuwa unakanyaga sakafu kila kona ilipokaribia.

Akatafuta mtandaoni. Watu wamezipiga barabara za dunia nzima wakazitia muziki. Kuna mpaka za theluji, kuna za jangwani, kuna mtu kapiga video ya mvua tupu na wenzake wanamsifu. Ya mlima wao hakuna. Hapo ndipo Mama Pindo alipojifunga kibwebwe.

"Haya, usijisumbue," wifi alisema baada ya kicheko kumwisha. "Mimi nitaendesha, wewe piga video."

Wakajaribu. Sasa wifi alikuwa nesi, mwenye huruma kwa wagonjwa, lakini mkabidhi usukani uone. Aliendesha kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Kwenye video ile alizeti zilikuwa mistari ya njano, daraja lilipita kama chafya, na kwenye kona mlima wote ulilala upande. Mama Pindo aliitazama mara moja, akasikia kichefuchefu, akaifuta.

"Wifi yangu nakupenda," akasema. "Nifundishe, halafu ukae pembeni."

Alijifunza kwenye uwanja wa mpira, jioni baada ya kufunga cherehani. Miguu yake ilikuwa imezoea pedali ya kukanyaga kwa mpigo mmoja, na klachi haitaki hivyo; gari la wifi liliruka kama chura kutoka goli hadi goli. Mara ya kwanza kushindwa mtihani alisema mtahini ana gubu. Mara ya pili hakumsingizia mtu, alirudi uwanjani. Watu walisimama kumtazama, mama mzima, wakamtania waziwazi: mama, hiyo gia si kifungo cha blauzi! Akawajibu kwamba aliyewashonea suruali wanazovaa ni yeye, kwa hiyo wachunge ulimi asije akakumbuka vipimo. Leseni akaipata. Dereva alipoonyeshwa aliigeuza pande zote, akasema "Hongera, mama," akarudi kwenye kochi.

Lakini Mama Pindo hakuitafuta leseni ya kupongezwa. Alishona kitambaa cheusi cha kufunika dashibodi ili isijionyeshe kwenye kioo, akakipinda mara mbili pembezoni, maana ndivyo alivyopewa jina. Akasafisha kioo cha mbele nje na ndani. Akafunga simu kwenye kishikio, akakijaza pamba isitikisike. Asubuhi akielekea bondeni jua liliipiga kamera usoni, picha zote zikawa nyeupe. Kwa hiyo akaamua kwenda kwanza, alale kwa dada yake huko bondeni, na kupiga video asubuhi wakati wa kurudi, jua likiwa mgongoni. Akaja mdogomdogo, mikono imeloa jasho, malori yanampigia honi, na yeye kimya, macho mbele. Nyumbani akakata na kuunga, kazi ambayo haiwezi kumtisha fundi cherehani, kisha akaweka nyimbo zote za Dereva mahali pake: msituni yule mama wa sauti ya polepole, upande wa pili wa mlima tarumbeta, kwenye alizeti na daraja gitaa. Aliposikiliza mwenyewe alilia, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

Akamketisha mumewe, akamkalisha wifi pembeni yake, akanyoosha simu kwa umbali uleule.

Dereva akatazama. Misonobari ikaanza kupita, mwanga ukipenya kati yake, yule mama akaimba. Uso wa Dereva ukalainika. Halafu ukakunjamana. Halafu akanyanyuka kwenye kochi, kwa mara ya kwanza siku ile bila kuitiwa chakula.

"Hapana! Hapana, hapana, hapana! Umefanya nini hiki?"

"Nini tena?" akauliza Mama Pindo. "Msitu, na wimbo wa msitu."

"Nani kakwambia ni wimbo wa msitu? Huo ni wimbo wa kushuka! Nilikuwa nauweka msituni kwa sababu tukienda, msitu tunaushuka. Wewe hapo unapanda! Umeupandisha mlima wimbo wa kushuka, mama! Na huku mbele utawateremsha watu kwa tarumbeta, si watavunjika shingo?"

Wifi akauma khanga yake asicheke.

"Sasa mimi nilijuaje?" Mama Pindo akapaza sauti naye. "Nimesafiri na wewe maisha yangu yote, nyimbo ni hizohizo!"

"Za kwenda! Za kurudi ungezijulia wapi? Kurudi ulikuwa unalala! Basi halijatoka kituoni, wewe tayari unakoroma kwenye dirisha, mpaka nyumbani. Miaka yote!"

 Ilikuwa kweli tupu. Wote watatu wakatazamana, na Mama Pindo akagundua kwamba mtu huyu anatweta, amesimama, mkono umeshika kiuno, anagomba kama zamani alivyomgombeza utingo. Akataka aendelee kugomba. Akatamani agombe mpaka kesho.

"Basi niambie za kurudi ni zipi," akasema polepole.

Dereva akatikisa kichwa.  "Siwezi kukuambia nikiwa nimekaa hapa. Zile nilikuwa nazisikia mgongoni. Kiti kinavyokusukuma, injini inavyolalamika. Ni lazima niwe barabarani."

"Basi twende barabarani."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Nimekwisha kusema. Mimi si gunia."

Wakavutana. Aliambiwa kwa upole, akakataa. Dada yake alimwambia, kaka, unamwonea mwenzio, akakataa. Mama Pindo akanyamaza siku kadhaa akishona tu, na wanaomjua walijua kimya kile si cha amani. Kisha asubuhi moja akaweka simu mezani mbele ya chai.

"Sawa. Nimechoka kubembeleza. Video yangu naitia mtandaoni hivihivi ilivyo. Na chini yake naandika: hizi ndizo nyimbo za Dereva, alivyozipanga mwenyewe."

Kikombe kikagota sahani. "Hutathubutu."

"Kidole hiki hapa."

"Utaniaibisha mbele ya watu wote! Mrefu ataiona! Abiria wangu wataiona! Tarumbeta kwenye mteremko?"

"Ndiyo. Si unaiogopa aibu? Basi nakuletea kubwa, ile ndogo uisahau." Akakisogeza kidole karibu na simu. "Aibu yako imekula nyumba hii yote, baba. Imekula chai, imekula marafiki, inakaa kitandani katikati yetu. Mimi nimeichoka. Ama upande gari, ama nibonyeze."

Dereva akamtazama mkewe, akigeuza kichwa kizima kumpata, maana vinginevyo alikuwa anampoteza. Alijua fika kwamba mwanamke huyu hatanii.

"Nitavaa kofia," akasema mwishowe. "Na miwani. Na hatusimami popote."

"Vaa hata blanketi."

Wakaenda. Alikaa kiti cha mbele kofia imeshuka mpaka puani, na njia nzima ya kwenda mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo. Mara moja alipiga kelele, "Lori!" na Mama Pindo akamjibu lori analiona, yeye atulize mguu wake. Wakalala bondeni. Asubuhi jua likiwa mgongoni, Mama Pindo akawasha kamera, na Dereva akashika simu nyingine yenye nyimbo.

Misonobari ikaanza. Gari likaanza kupanda. Dereva hakuweka kitu. Akavua miwani, akafumba macho, akaegemeza mgongo kabisa kwenye kiti. Mama Pindo akangoja, anaona aibu kupumua kwa nguvu. Kisha kidole cha mumewe kikabonyeza, na kilichotoka kilikuwa wimbo wa zamani wa harusini, makofi na vigelegele.

"Hapa?" Mama Pindo akashangaa. "Msituni?"

"Anayeondoka anaaga, ndiyo maana unampa mama wa polepole. Anayerudi ana haraka ya moyo na mlima unamchelewesha. Mpe makofi asikasirike." Kisha, bila kufumbua macho: "Gia ya pili. Usiikabe injini."

Ilikuwa tamu, jamani. Makofi, na miti, na kona moja baada ya nyingine. Tatizo likawa lori la mbao lililokuwa linatambaa mbele yao. Mama Pindo akapunguza, akapunguza tena, na katikati ya mlima gari likazima. Nyuma honi zikaanza. Akawasha, likaruka, likazima. Jasho likamtiririka. Alingoja mume amwambie toka hapo, au amshike mkono, au acheke.

Dereva akasimamisha wimbo. "Vuta breki ya mkono. Hao wenye honi wana miguu, wakishindwa kungoja watembee. Washa. Klachi pole pole. Enhe." Gari likaondoka. Alipoona wamekwenda kidogo, akasema, "Tumeuharibu wimbo."

"Nitaukata nyumbani, niunge."

"Barabara haikatwi, mama. Tafuta pa kugeuzia."

Wakashuka mpaka chini kabisa, wakaanza upya. Mama Pindo hakulalamika hata neno. Safari ya pili wimbo uliisha, kigelegele cha mwisho kabisa, gari likichomoza kileleni, na bonde lote la upande wa kwao likafunguka mbele ya kioo, mlima nyuma ya mlima hadi kwenye ukungu.

"Simama pembeni hapa," Dereva akanong'ona, yeye aliyesema hawasimami popote. "Kileleni ni kimya. Acha kamera itazame."

Basi wakakaa kimya, mikono yake magotini, akilitazama bonde kupitia simu iliyokuwa kwenye kishikio, maana humo ndimo lilimoenea.

Ndipo basi likapanda kutoka upande wa pili, likaingia palepale walipoegesha, likasimama mbele yao, likaziba kila kitu. Abiria wakaanza kushuka kunyoosha miguu. Mlango wa dereva ukafunguka, na ikashuka miguu mirefu ambayo hata mwenye kitundu cha macho asingekosa kuijua. Alikuwa Mrefu.

Dereva akateleza chini kwenye kiti. Mama Pindo akauona mkono wake unaitafuta miwani, unapapasa, hauipati. Akamwonea huruma. Kwa mara ya kwanza tangu aanze vita hii, akawa tayari kushindwa.

"Niondoe gari?" akauliza kwa sauti ya chini.

 Dereva alikaa vile, ameinama. Kisha akafungua mlango.

Alitembea akishika ubavu wa gari, halafu akaliacha. Aligeuza kichwa kizima kushoto, kizima kulia, mpaka akampata mwenzake.

"Ebo! Dereva!" Mrefu akapiga kelele, mikono hewani. "Ndiwe wewe? Likizo gani hii, bwana, mpaka tunazeeka? Unarudi lini?"

"Sirudi."

"Acha utani!"

"Macho yamekufa, Mrefu. Pembeni kote. Hapa nilipo naona pua yako, masikio siyaoni. Leseni nimeirudisha mwenyewe. Hapakuwa na likizo yoyote, na uliponijia nyumbani sikuwa nimelala."

Mrefu mikono ikamshuka. Abiria waliokuwa karibu wakageuka kutazama, mmoja na chungwa lake mdomoni. "Kwa nini hukusema, ndugu yangu?"

"Niliona aibu."

"Na sasa?"

"Sasa pia naona. Naona sana." Akageuka kuelekea gari. "Lakini yule pale ndani ya gari ni mke wangu. Ameshika usukani uzeeni kwa ajili yangu. Amezima gari mlimani, malori yamemtukana, akashuka chini akaanza upya. Sasa mimi nitajificha mpaka lini?"

Mrefu akamshika bega, akabaki amelishika tu. Ndani ya gari Mama Pindo alikuwa analia waziwazi, mikono yote miwili kwenye usukani, hajifuti.

"Haya, basi," Dereva akasema, akijikohoza. "Kamera inakwenda, na umetuzibia bonde lote. Sogeza basi lako."

Mrefu akapanda, akawasha injini, akalisogeza.